Gunia Lililonyeshewa

Kila asubuhi, kabla cherehani ya mama haijaanza kuunguruma barazani, Meneja alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza ndoo za maji na ameshamgombeza mdogo wake angalau mara mbili. Sare yake ya shule ilikuwa imepigwa pasi tangu jana. Viatu vilikaa mlangoni vimeelekezwa nje, tayari kwa safari.

Jina la Meneja alipewa na baba, dereva wa lori, ambaye kila akirudi safari alikuta nyumba imepangwa upya. Masufuria yamehamia huku, viti vimehamia kule, na binti yake wa darasa la sita amesimama mlangoni akimwelekeza pa kuweka begi. "Haya, Meneja," baba alisema siku moja, "na mimi mwenyewe unaniweka kwenye kabati gani?" Nyumba nzima ilicheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine.

Mdogo wake aliitwa Kijiko. Huyo hahitaji maelezo marefu: popote palipokuwa na chakula, na yeye alikuwepo.

Mama alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa. Mteja mmoja alifurahi mno jinsi gauni lake lilivyomkaa, akarudi na kikapu cha mayai ya bata kama shukrani. Mama alifikiria kuyakaanga. Kijiko alikuwa ameshatoa kikaango. Lakini Meneja alisimama mbele ya jiko, mikono kiunoni.

"Mama, yule kuku mkali anaatamia hewa tu siku zote hizi. Tumpe haya mayai."

"Na vifaranga wakitoka atawalea nani?"

"Mimi."

Mama alimtazama juu ya miwani yake ya kushonea. "Sikiliza vizuri. Mimi nina wateja, nina cherehani, sina mikono mingine ya kulelea bata. Wakitoka ni wako. Chakula chao, maji yao, usafi wao na matatizo yao yote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nikabidhi tu uone."

Kuku mwenyewe aliitwa Askari kwa sababu hakuna mguu uliopita karibu naye bila kudonolewa. Hakuuliza mayai yale yametoka wapi wala kwa nini ni makubwa kuliko yake. Aliyavuta moja moja kwa mdomo hadi chini ya kifua, akajitanua, kisha akawakodolea jicho mpaka wakaondoka.

Mayai ya bata hukawia kuanguliwa kuliko ya kuku, na Meneja hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Ili kumtuliza, mama alimfundisha kumulika yai kwa tochi ndani ya stoo yenye giza. Ndani ya ganda waliona mishipa myembamba myekundu na kitu cheusi kikitikisika.

"Anacheza mpira!" Kijiko alipiga kelele.

"Shh! Utamwangusha," alisema Meneja, ingawa aliyeshika yai alikuwa yeye mwenyewe.

Siku ya kuanguliwa ilipofika, nyumba nzima ilisahau kazi. Mayai yalianza kutoboka vitundu vidogo, na ndani ukasikika mlio mwembamba. Mmoja akatoka, amelowa, hana umbo la kueleweka. Baada ya muda akakauka akawa kitu cha manjano chenye mdomo bapa na miguu mikubwa kupita mwili wake. Wengine wakafuata. Jioni walikuwa wanane, na yai moja lilibaki na kitundu chake, likilia kwa ndani.

"Mama, amechoka huyu. Nimsaidie kumenya ganda?"

"Mwache. Ukimtoa kabla hajawa tayari atavuja damu. Hapo ndani ana kazi yake anaimaliza."

Ilikuwa adhabu kubwa kwa Meneja kukaa mikono mitupu. Lakini alikaa, na asubuhi yake yule wa tisa alikuwa nje, mdogo kuliko wenzake, akipepesuka na kujaribu kupanda mgongoni kwa Askari. Meneja alilia machozi ya furaha mbele ya watu wote na wala hakuona aibu.

Vifaranga walipopata nguvu kidogo, aliwawekea beseni la maji ya kina kifupi. Waliliona tu, wakatumbukia wote kwa pamoja. Askari nusura apate wazimu. Alizunguka beseni akipiga kelele, akaingiza mguu mmoja, akautoa, akaupangusa mchangani, akapiga kelele tena. Kwa upande wa pili wa ua kilisikika kicheko kikubwa. Alikuwa jirani yao, fundi rangi, mtu mrefu mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Watoto walimwita Mjomba Brashi, ingawa hawakuwa na udugu wa damu.

"Meneja, mwambie huyo mama atulie! Watoto wake wameshafaulu mtihani, yeye ndiye hajasoma!"

Mjomba Brashi hakuishia kwenye utani. Aliwapigia banda kwa mbao za mabaki, akalipaka bluu, na mlangoni akaandika kwa herufi nyeupe: OFISI YA MENEJA.

Hapo Meneja akavimba kichwa. Nani asingevimba? Wanafunzi wenzake walikuwa wanakuja baada ya masomo kutazama bata wake. Naye aliwapanga mstari, akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawahutubia. Alichanganya aliyofundishwa na mama, aliyoyaona kwa macho yake na mengine aliyoyabuni papo hapo, na yote aliyasema kwa sauti ileile ya uhakika.

Alikuwa juu ya ndoo hiyo siku mawingu yalipojikusanya. Mama alikuwa amenunua gunia la pumba mashineni, na wapakuzi walikuwa wameliacha katikati ya uwanja. Akatoa pini mdomoni, akaita kutoka barazani.

"Meneja! Gunia hilo liingize stoo kabla mvua haijanyesha."

"Sawa, mama, naliingiza!"

Na kweli alikusudia kuliingiza. Ila mgeni mmoja aliuliza kama bata ana masikio, na swali kama hilo haliachwi likapita. Mvua ilipoanza kushuka, watoto walitawanyika wakikimbia. Meneja aliwakusanya vifaranga kwenye kapu, akawaingiza ndani, akawakausha kwa kitambaa, akajisifu kwa kazi nzuri. Alipolikumbuka gunia, maji yalikuwa yameshalizunguka. Alitoka mbio, akaliburuta hadi stoo. Juu, gunia la plastiki lilikuwa limeikinga mvua na pumba zilikuwa kavu. Chini lilikuwa limelowa chapachapa.

Lingekuwa jambo dogo kwenda barazani na kusema, "Mama, nimechelewa, gunia limenyeshewa." Mama angefoka, wangezimwaga zile pumba zilizolowa, basi. Lakini Meneja katika nyumba ile hasahau kitu. Yeye ndiye huwakumbusha wengine. Aliogopa kicheko cha Kijiko kuliko ghadhabu za mama. Akaliegemeza gunia kwenye kona, upande uliolowa chini, mdomo mkavu juu, akafunga mlango wa stoo.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu zilizoliwa zilikuwa pumba za juu. Kisha akaufikisha mkono wake chini zaidi, akakutana na mabonge. Yalikuwa ya kijivu yenye rangi ya kijani, na yalinuka uvundo wa kabati lililofungwa muda mrefu. Meneja alisimama akiwaza. Kisha akajiona mjanja. Akayatoa mabonge yale, akayavunjavunja juu ya bati nyuma ya banda, akayaanika juani.

Kijiko alitokea na kipande cha mkate mkononi. "Dada, mbona pumba zimeota nywele?"

"Hizo ni vitamini. Nenda kacheze."

Jua lilikuwa kali. Kufikia mchana pumba zilikuwa zimekauka, na alipozichekecha zilionekana sawa na pumba nyingine yoyote. Harufu ilikuwa imepungua. Akazirudisha ndani ya gunia, akawachanganyia vifaranga chakula chao kama kawaida, na usiku huo alilala usingizi mzuri.

Wa kwanza kuugua alikuwa yule wa tisa, yule mdogo. Aliacha kula. Miguu ikalegea, akawa anatembea hatua kidogo na kuketi, kichwa chake kikivutwa nyuma kana kwamba kuna mtu anamshika shingo. Meneja alimweka mapajani, akampa maji tone kwa tone, akamsemesha. Hakusaidika. Alipokata roho, Meneja alilia mpaka kwikwi zikamshika, na mama aliacha nguo ya mteja chini ya sindano akaja kuketi naye.

"Wadogo hufa, mwanangu. Inauma, lakini hutokea," mama alimwambia.

Kesho yake wakafa wengine wawili, na hao hawakuwa wadogo. Waliobaki sita walikuwa wamejikunyata pembeni mwa banda, beseni la maji likiwa halina mtu.

Gunia lilimjia Meneja kichwani. Akalifukuza. Askari alikuwa akidona pumba zilezile kutwa, na manyoya yake yalikuwa yanang'aa. Kama pumba zingekuwa mbaya, si kuku angeanguka wa kwanza? Hoja hiyo ilimtosha kwa sababu aliitaka imtoshe. Akawachanganyia tena.

Mama naye alikuwa anatafuta sababu. Akauchunguza uwanja mzima, na kwenye mfereji unaopita kando ya ua akaona alama ya bluu. Alisimama akaitazama kwa muda. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda uani kwa jirani.

"Hodi, kaka."

"Karibu, dada. Habari za wateja?"

"Wateja wazima. Wasio wazima ni vifaranga. Kaka, nisamehe kwa swali langu, lakini yale maji ya kuoshea brashi unayamwaga wapi?"

Mjomba Brashi aliweka chini kopo alilokuwa nalo. "Nayamwaga kulekule kazini. Tuna shimo."

"Na hii bluu ya mferejini?"

"Hiyo?" Aliinama akaitazama. "Hiyo ni ya siku ile nilipowapakia rangi banda lenu. Niliosha brashi moja hapa. Moja tu, dada."

"Basi moja imetosha, kaka," mama alisema, akageuka.

Meneja alikuwa nyuma yake, ameshika jagi la maji. Alisikia kila neno. Alimwona Mjomba Brashi akibaki pale uani, mikono imening'inia, akiutazama mfereji. Kinywa cha Meneja kilifunguka. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi, akalimeza. Siku iliyofuata Mjomba Brashi alipita na ngazi yake begani bila kupiga kelele za "Meneja, ofisi imefunguliwa?" kama alivyozoea. Alisalimia kwa kichwa tu.

Mchana huo mama alimwita daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, mwanamke kijana mwenye koti jeupe na buti za mpira. Hakupoteza muda. Aliwashika vifaranga mmoja mmoja, akawatazama macho na miguu, kisha akaomba mmoja wa wale waliokufa. Akampasua juu ya ubao, akawaonyesha.

"Mnaliona hili ini? Limevimba, rangi yake imepauka, na kuna vidoa vya damu. Tatizo liko hapa."

"Ni rangi, daktari?" mama aliuliza. "Kuna rangi ya kuta ilimwagwa mferejini."

Daktari alikwenda kuutazama mfereji, akarudi akitikisa kichwa. "Hii imekauka siku nyingi, tena ni kidogo. Sidhani. Mimi naona mambo mawili. Linaweza kuwa gonjwa la ini la vifaranga wa bata. Hilo linaambukiza vibaya, na mtaa huu una bata wengi. Kama ndilo, itabidi hawa sita tuwaondoe leo, tuwafukie, na banda tulichome moto."

"Kuwaondoa ni kufanya nini?" Kijiko aliuliza.

Mama alimvuta karibu naye.

"Jambo la pili ni sumu kwenye chakula," daktari aliendelea. "Ikiwa ni sumu, tukaijua na tukaikata leo hii, wengine tunaweza kuwaokoa. Wanakula nini?"

"Pumba safi kabisa," mama alijibu bila kusita. "Nilizichagua mwenyewe mashineni, zikawekwa stoo. Huyu binti yangu ndiye anayewalisha, na huyu hakosei."

Daktari alichota pumba kwenye kopo la kulishia, akazinusa, akazimwaga kiganjani. Zilikuwa kavu, zimechekechwa. "Zinaonekana nzuri," alisema. Akalirudisha kopo, akavua glavu. "Basi, mama, nasikitika."

Meneja alibakiwa na tundu moja tu la kupitia, akalijaribu kwa sauti ambayo haikufanana na yake.

"Daktari, kama chakula kingekuwa na sumu, si kuku naye angekufa? Askari anakula hizohizo, na ni mzima."

"Swali zuri. Lakini si lazima," daktari alimjibu. "Kuku mkubwa anaweza kula pumba zilizoota ukungu, usimwone hata akilegea. Kifaranga wa bata hawezi. Ini lake halivumilii ukungu hata kidogo. Ndiyo maana nimeuliza chakula kabla ya kitu kingine."

Meneja aliwatazama vifaranga. Mmoja alikuwa amefungua jicho akimwangalia, akidhani analetewa chakula. Meneja aligeuka, akaenda stoo, na pale uwanjani wakasikia kitu kizito kinaburutwa. Alitokea kinyumenyume akilivuta gunia kwa mikono miwili, akalilaza mbele ya daktari, akalipindua. Pumba zikamwagika, na chini kabisa yakadondoka mabonge ya kijani ambayo hakuwa ameyaanika bado.

"Lilinyeshewa," alisema. "Mama aliniambia niliingize, nikachelewa. Nikaficha. Pumba zilipoota ukungu nikazianika na kuzichekecha ili usionekane. Rangi haikuua mtu. Mjomba Brashi hakufanya kitu. Ni mimi."

Kijiko alitoa macho. "Zile vitamini?"

"Hazikuwa vitamini."

Daktari alipiga magoti, akavunja bonge moja, akalinusa, akakunja uso. "Jua linakausha ukungu, lakini sumu yake inabaki palepale. Uliwapa mara ya mwisho lini?"

"Asubuhi."

"Sawa. Kuanzia sasa hakuna punje hata moja. Kila chombo kilichogusa pumba hizi kioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Wapewe maji yenye sukari kidogo, kiini cha yai la kuchemsha, majani laini yaliyokatwakatwa. Nitawaachia dawa ya kuwapa nguvu. Dawa ya kuitoa sumu sina, na hakuna aliye nayo. Ila hatuwafukii."

Mama alilitazama gunia, kisha akamtazama binti yake, na Meneja aliona bora angepigiwa kelele.

"Ulikuwa nyuma yangu pale uani," mama alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Ulinisikia namwambia yule mtu brashi moja imetosha."

"Nilisikia."

Mama alifunga kanga yake upya, polepole. "Osha vyombo kwanza, bata wasife. Ukimaliza tunakwenda kwa jirani, wewe na mimi."

Meneja aliosha mpaka vidole vikakunjamana. Pumba zote zilizikwa kwenye shimo alilochimba mwenyewe, Askari akinung'unika kando kwa kunyang'anywa chakula chake. Kisha wakaenda. Mama ndiye aliyetangulia kusema.

"Kaka, nilikulaumu mbele ya mtoto kwa kosa ambalo si lako. Nimekuja kuomba radhi."

"Na mimi nilijua si wewe," Meneja alisema, machozi yakimtiririka, "nikanyamaza. Nisamehe, Mjomba."

Mjomba Brashi aliwatazama wote wawili. Alijikuna nyusi zake zenye madoa. "Kusema kweli, niliumia," alisema. "Nimewapigia banda kwa mikono yangu, halafu naambiwa nimewaua watoto. Hata usingizi sikuupata vizuri." Kisha sauti yake ikalainika. "Kule kazini kwetu, meneja akiharibu kitu hunisingizia mimi fundi, wala harudi kunitafuta. Wewe umerudi. Umechelewa, Meneja, lakini umerudi. Haya, hao waliobaki wakoje?"

Wawili kati ya waliobaki walikufa, maana sumu ilikuwa imeshawaingia sana. Meneja aliwazika bila kumwita mtu amsaidie. Wale wanne aliwapigania. Aliamka mapema kuliko kawaida kuwachemshia yai, akawakatia majani, akawanywesha kwa kijiko cha chai kabla ya kwenda shule na mara tu anaporudi. Asubuhi moja alimkuta mmoja ndani ya beseni, akizamisha kichwa na kukitoa, akijimwagia maji mgongoni. Siku zile zile na wengine wakamfuata. Askari akaanza tena kelele zake za kuzunguka beseni, na kwa mara ya kwanza Meneja alizifurahia.

Daktari aliporudi kuwakagua, aliwanyanyua mmoja baada ya mwingine na kuridhika. Meneja alingoja amalize, kisha akauliza.

"Daktari, ningesema siku ile alipokufa yule wa kwanza, hawa wengine wangepona?"

Mama alitaka kuingilia kati, lakini daktari alimjibu msichana kama anavyomjibu mtu mzima. "Wote, sina hakika. Wengi, ndiyo. Wangepona."

Meneja aliitikia kwa kichwa. Jibu lile lilimuuma, na aliliacha limuume.

Bata wakakua. Manyoya ya manjano yakatoka, yakaja meupe na meusi, na mlio mwembamba ukageuka kuwa sauti ya kukwaruza iliyowaamsha majirani. Mtaa mzima ulijua bata wale ni wa nani, kwa sababu walitembea mstari mmoja kama walivyofundishwa, au ndivyo Meneja alivyodai.

Kisha ikafika siku ya mtihani wa hesabu. Meneja alitoka mbio asubuhi, kichwa kimejaa sehemu na desimali. Aliporudi alikuta mlango wa banda uko wazi. Alikuwa amesahau kuweka komeo. Bata watatu walikuwa uwanjani. Wa nne hakuwepo, na lango la nje lilikuwa limeachwa wazi na wateja.

Angeweza kutafuta kwanza kimya kimya. Angeweza kusema lango ndilo lenye makosa. Wazo hilo lilimpitia, maana yeye ni binadamu, lakini miguu yake ilikuwa imeshafika barazani, begi la shule likiwa bado mgongoni.

"Mama, sikufunga komeo asubuhi. Bata mmoja ametoka. Nisaidie."

Mama alisimamisha cherehani palepale. Alipaza sauti kwa jirani, Mjomba Brashi akatoka na brashi mkononi. Kijiko alitumwa kona ya duka, mama akashika njia ya mashineni, Meneja akaelekea kwenye daraja dogo. Mjomba Brashi alipanda ngazi yake ndefu, akatazama mtaa kwa juu, na mara wakamsikia akipiga mayowe. Bata alikuwa mbele ya gereji, amejilaza kwenye kivuli chini ya lori, kando kabisa ya gurudumu. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

"Simama! Simama, bwana!" Mjomba Brashi alipunga brashi yake hewani, rangi ikimdondokea kichwani. "Chini yako kuna bata!"

Lori lilitulia. Meneja alifika akihema, akaingia chini kwa tumbo, akamtoa bata aliyekuwa amekasirika kwa kukatizwa usingizi. Dereva alishuka akapangusa jasho. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, "ningekuwa nimeshampitia."

Jioni Meneja aliketi barazani karibu na cherehani. Alikuwa anangoja kugombezwa kwa ajili ya komeo, na kweli aligombezwa, vizuri tu, bila kupunguziwa. Baada ya hapo mama alikata uzi kwa meno, akaiweka nguo magotini.

"Sasa nisikilize. Watu wote husahau. Mimi nimeshawahi kumshonea mteja mikono miwili ya kushoto. Gunia likinyeshewa, tutanunua jingine. Komeo likisahaulika, tutatoka tutafute, kama leo. Kosa nililoambiwa naweza kulishughulikia. Lakini mtu akininyamazia, mwanangu, mimi nitaanzia wapi? Wale watano walikufa nikiwa na mikono na macho na jirani mwema, na sikuweza kuwasaidia, kwa sababu aliyejua hakusema. Leo umesema mapema, na bata yuko hai. Tofauti ni hiyo tu."

"Naiona, mama," Meneja alisema.

"Vizuri. Nenda kaweke komeo."

Meneja aliinuka, akaenda kuweka komeo.